Kwenda, Kutembea na Kutua Mzigo

Katika miji ya pwani, mtu akimkuta jirani yake njiani wakati wa jioni humwuliza, "Wapi leo?" Yule akijibu, "Natembea tu," maulizo hukoma. Jibu hilo limekwisha eleza kwamba hana haja ya haraka, hakutumwa na mtu, wala hakuchukua mzigo. Lakini akijibu, "Nakwenda mahali," mwulizaji hutambua kuwa mwenziwe ana shughuli, akampisha apite. Kitendo chenyewe ni kimoja kwa wote wawili: mguu hutangulia, na mguu wa pili hufuata. Kinachotofautiana ni neno, na tofauti hiyo si ya ladha ya usemi tu. Ndani yake imo historia ya watu waliotembea na watu waliokwenda, na lugha ya Kiswahili imeihifadhi historia hiyo kwa uaminifu kuliko majengo na sanamu.

Kwanza litazamwe neno kutembea. Katika matumizi ya pwani maana yake si kutumia miguu peke yake, bali ni kutoka na kuzunguka pasipo shurti. Mwenye kutembea hutazama watu, hupunga hewa, hupita barazani kwa rafiki akaketi kidogo. Ndiyo sababu kumtembelea mtu ni kumzuru. Mithali zimelipima neno hili kwa mizani mbili. Husemwa kwamba kutembea kwingi ni kuona mengi. Tena husemwa kwamba mtembezi hula miguu yake, yaani azungukaye bila kazi hamalizi kitu cha mtu ila nyayo zake mwenyewe. Aliyezidi mno huitwa kiguu na njia. Na kwa adabu isiyopenda kutaja aibu waziwazi, mtu hunenwa kuwa anatembea na mke wa mwenziwe. Uhuru uliomo katika neno hili ndio huo huo unaolitia shaka, maana asiye na pa kwenda aweza kwenda popote.

Neno hilo likitiwa kiambishi cha kusababisha hubadilika hali. Kutembeza bidhaa ni kuzichukua mlango kwa mlango mpaka apatikane mnunuzi. Kutembeza bakuli ni kuomba. Anayechoka ni mwenye kutembeza, walakini lugha yazungumza kana kwamba bidhaa na bakuli ndivyo vinavyotembea. Hapo starehe imekwisha geuka kazi.

Kwenda ni neno pana zaidi. Ni la Kibantu tangu asili, nalo halikubali kukaa katika nyumba moja. Saa huenda, mambo huenda, chombo huenda joshi au huenda mrama, tiara iliyokatika uzi huenda arijojo, na punda huenda matiti. Mwendo ni namna ya kupiga hatua, nao ni masafa, nao ni desturi. Kutokana na kuenenda kumepatikana mwenendo, ambao ni hesabu ya tabia nzima ya mtu mbele ya jamaa zake. Aliyepotewa na akili ni mwendawazimu, na aliyefariki ni mwendazake. Hata shaka hutamkwa kwa neno hili: huenda mvua ikanyesha, huenda isinyeshe. Mwishoni kutokana na kuendelea kumepatikana maendeleo, neno ambalo katika karne ya 20 lilipandishwa cheo kuliko yote ya ukoo wake.

Masafa nayo yalipimwa kwa miguu kabla ya kuja magari. Mji haukuwa mbali kwa maili, bali ulikuwa mwendo wa saa mbili au mwendo wa siku kumi. Kipimo hicho kilikuwa na insafu yake, kwani kilihesabu pamoja na ardhi vilima, tope, na uhaba wa maji, mambo ambayo maili haiyajui. Neno safari, lililotoka katika Kiarabu, lilipata Uswahilini maana ya pili ambayo ni mara: safari hii, safari ijayo. Watu ambao kwao kila safari ilikuwa tukio la kuhesabiwa hawakuona ajabu kuhesabu matukio kwa safari.

Karne ya 19 ndiyo iliyoyatia maneno haya katika tanuri. Njia kuu ya kati ilianzia Bagamoyo na bandari nyingine zinazoelekea Unguja, ikapita Ugogo, ikafika Tabora katika Unyamwezi, kisha ikateremka Ujiji ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Burton na Speke, walioondoka pwani katikati ya mwaka wa 1857, walifika Ujiji mwezi wa Februari 1858. Gurudumu halikutumika katika njia hizo, na wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o na maradhi mengine. Kwa hiyo kila pembe ya ndovu iliyoshuka pwani, na kila kitambaa na ushanga uliopanda bara, ulisafiri juu ya bega au kichwa cha mtu. Desturi ya mzigo ilikuwa karibu frasila mbili, yaani ratili 70 hivi, mbali na chungu, mkeka na silaha ya mchukuzi mwenyewe.

Mchukuzi huyo aliitwa mpagazi, kutokana na kupagaa, maana yake kuchukua begani. Neno hilo hilo, likigeuzwa kuwa la kutendwa, hutumika kwa mtu aliyepandwa na pepo, kwamba amepagawa. Ni kosa kumdhania kila mpagazi wa zama hizo kuwa mtumwa. Watumwa waliokodishwa na mabwana zao walikuwamo. Lakini Wanyamwezi na Wasukuma wengi walikuwa watu huru, waliopatana ujira kabla ya kuinua mzigo, na waliojua thamani ya mabega yao. Walipodhulumiwa waligoma, na mgomo usipofaa walitoroka. Kwa Wanyamwezi kijana aliyekuwa hajafika pwani hakuhesabiwa kuwa mtu mzima sawasawa. Kwenda pwani ilikuwa ni kwenda kuutafuta utu uzima, na arudiye alikuwa na nguo, habari, na haki ya kusema mbele ya wazee.

Msafara ulikuwa kama mji unaohama, nao ulikuwa na maneno ya utawala wake. Mtangulizi wa mstari aliitwa kirongozi au kiongozi. Alivaa mavazi ya kumtambulisha, akachukua bendera na mzigo mwepesi, nyuma yake ikafuata ngoma. Haikuwa ruhusa kumtangulia. Mnyapara aliwasimamia wachukuzi. Posho ilikuwa chakula, au nguo na ushanga wa kununulia chakula, iliyogawiwa kwa siku. Hongo ilikuwa ushuru uliotozwa na mwenye nchi ili msafara upite na kuteka maji yake. Ilijadiliwa hadharani, na pengine ilichukua siku nyingi. Mtumba ulikuwa furushi la nguo lililofungwa kwa kipimo cha mtu mmoja. Na mahali pa kutua mizigo paliitwa kituo.

Katika njia hiyo hiyo walipita wengine ambao hawakupatana ujira wowote. Hao walikuwa mateka, wanaume kwa wanawake na watoto, waliofungwa kongwa au minyororo shingoni, wakielekezwa kwenye masoko ya pwani na visiwani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini njia za bara hazikusafika siku moja. Yafaa ikumbukwe basi kwamba neno moja, kwenda, lilitumika kwa tajiri aliyefuata faida, kwa mpagazi aliyefuata ujira, na kwa mateka aliyefuata mnyororo. Lugha haikuwatenga. Vumbi lao lilikuwa moja, wala hakuna aliyesemekana kuwa anatembea.

Wakubwa wa misafara waliacha maandishi. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili kabla ya kufariki mwaka 1905, na masimulizi hayo yalitolewa upya na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950. Selemani bin Mwenye Chande alisimulia safari yake ya bara, na habari zake zikachapishwa Ujerumani mwaka 1901 katika kitabu cha Carl Velten kiitwacho Safari za Wasuaheli. Hizi ni hazina kubwa, lakini ni hazina za wenye misafara. Mpagazi hupita ndani yake kama idadi: walikuwa wangapi, walitoroka wangapi, walikufa wangapi.

Mfano mmoja waonyesha jambo hili kwa uwazi. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, wenzake wa safari, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliukausha mwili wake wakaamua kuurudisha pwani. Hakuna tajiri aliyewaagiza. Njiani, walipoona kwamba wenyeji wangeuzuia, waliufunga upya ufanane na mtumba wa nguo, wakaendelea. Walifika Bagamoyo Februari 1874, baada ya miezi mingi ya mwendo. Susi na Chuma waliwahi kutajwa na kupewa heshima kiasi. Waliokuwa pamoja nao hawajulikani na wengi. Aliyechukuliwa alizikwa kwa fahari London, na waliomchukua wakarudi kutafuta mzigo mwingine.

Reli ilitazamiwa kuwatua watu mizigo. Ile iliyotoka Mombasa ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901, na reli ya kati ya Wajerumani ikafika Kigoma mwaka 1914. Mwaka huo huo vita vikuu vilianza, na gari la moshi halikuweza kuyafuata majeshi porini. Waingereza na wenzao waliandikisha wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja katika mapigano ya Afrika Mashariki, wengi wao kwa nguvu. Wajerumani nao walikamata wachukuzi walikopita. Makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa kuhara, malaria, na njaa kuliko kwa risasi. Hapo ndipo neno mpagazi lilipoanguka. Kazi iliyokuwa ya mapatano na ya sifa iligeuka ya kukamatwa usiku, na kijana hakwenda tena pwani kutafuta utu uzima, bali alipelekwa vitani kwa kamba.

Kumbukumbu yao iko mahali pawili. Jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi lilitamkwa kwa ulimi wa Kiswahili, likawa Kariakoo katika Dar es Salaam na Kariokor katika Nairobi. Sanamu nazo zilisimamishwa, ya Dar es Salaam mwaka 1927 na ya Nairobi mwaka 1928, na maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Nairobi mpagazi alipewa umbo lake kando ya wenye silaha. Dar es Salaam aliyesimama juu ni askari peke yake na bunduki yake. Mpagazi amebaki katika maandishi, na katika jina la soko ambalo wauzaji na wanunuzi hulitaja kila siku pasipo kukumbuka lilikotoka.

Baada ya vita utawala wa kikoloni ulitaka miguu ya watu ielekee palipo na kazi. Kodi ilipotakiwa kwa fedha, wanaume walitoka Kigoma, Ruanda na Urundi, wengi kwa miguu, wakaenda kukata mkonge. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa nambari. Katika Kenya, tangu karibu mwaka 1920, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande, kilichotiwa katika kikebe cha chuma na kuning'inizwa shingoni, ili ijulikane alitoka kwa bwana gani na anakwenda kwa nani. Mijini sheria ziliwaandama wasio na kazi ya kuonyesha. Neno kutembea likapata ndugu mbaya, kuzurura, na mzururaji akawa mkosaji. Yule wa pwani aliyejibu, "Natembea tu," angeweza sasa kukamatwa kwa jibu hilo hilo.

Zama za kupigania uhuru ziliyaokota maneno ya njiani na kuyapandisha jukwaani. Kiongozi hakuwa tena yule mwenye bendera mbele ya wachukuzi; alikuwa mkuu wa chama na wa taifa. Maendeleo yakawa jina la vyama na wizara. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kiliundwa Kenya mwaka 1952. Kituo kikawa cha polisi, cha basi, na cha afya. Safari nayo ilipanda gari: mwaka 1953, kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalianzishwa mashindano makubwa ya magari yaliyoitwa kwa neno hilo, na tangu hapo watu wengi wa nchi za mbali hulidhani kuwa ni neno la magari na wanyama. Maneno mengine yaliporomoka. Hongo, iliyokuwa ushuru wa hadharani, ikawa rushwa ya mafichoni. Posho ya mpagazi ikawa malipo ya ofisa anayekaa mkutanoni. Lakini Uganda imebaki kuwa chakula chenyewe, ugali wa mahindi.

Mwaka 1967 ulifanyika jaribio la kuyarudisha maneno haya miguuni. Baada ya Azimio la Arusha kutangazwa mwezi wa Februari, vijana na wazee wa Tanzania walifanya matembezi marefu ya kuliunga mkono. Kijana Seti Benjamin alifariki katika matembezi hayo, akahesabiwa miongoni mwa mashujaa. Mwezi wa Oktoba Rais Julius Nyerere mwenyewe alikwenda kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya maili 130, ili ahudhurie mkutano wa TANU. Uteuzi wa neno matembezi wastahili kuangaliwa. Haukuitwa msafara, kwa kuwa msafara una tajiri na wachukuzi. Wala haukuitwa maandamano, yenye maana ya kufuatana nyuma ya dai. Neno la mtu huru, asiyelazimishwa na mtu, lilipewa kazi ya taifa. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, ambao jina lake latokana na kuongoza, ulimkataza kiongozi majivuno na uonevu. Ndani ya karatasi hiyo bado yuasikika yule wa zamani, ambaye wachukuzi walimfuata wakiridhika naye na kumtoroka wakidhulumiwa.

Maneno hata hivyo humtumikia kila mwenye nguvu. Nchini Kenya, Rais Daniel arap Moi aliposhika madaraka mwaka 1978 alitoa mwito wa kufuata nyayo za aliyemtangulia. Nyayo likawa jina la siasa nzima na la majengo, pamoja na jengo la Nairobi ambalo katika vyumba vyake vya chini wapinzani waliteswa miaka ya 1980. Nchini Tanzania sheria ya mwaka 1983 ya kugawa nguvukazi iliwasomba wasio na kazi maalumu kutoka mijini, na neno uzururaji, lililokuwa silaha ya mkoloni, likasikika tena katika vinywa vya taifa huru. Miaka kumi na sita ilikuwa imepita tangu matembezi ya Mwanza. Mguu uliosifiwa mwaka 1967 kwa kutembea ulishitakiwa mwaka 1983 kwa kosa hilo hilo.

Mpagazi mwenyewe hakwisha. Katika soko la Kariakoo wachukuzi hupita katikati ya watu na mizigo vichwani, wakipaza sauti wapishwe, na miongoni mwa mizigo hiyo ni nguo kuukuu kutoka ng'ambo, zinazoitwa mitumba. Neno la furushi la msafara limerudi mahali palipoitwa kwa jina la wapagazi, na mabega ni yale yale. Katika mlima Kilimanjaro jina la zamani lingali likitumika halisi: wanaowachukulia wageni mahema, maji na vyakula mpaka karibu na kilele huitwa wapagazi. Mzigo wao umewekewa mpaka wa kilo 20, ambao ni pungufu ya frasila mbili za babu zao.

Katika njia hiyo ya mlima mgeni hupanda na mkoba mdogo, akisimama kutazama maua na mawingu. Ameacha kazi yake kwao, amelipa fedha, naye anatembea. Mpagazi humpita mapema asubuhi, kwa kuwa sharti awahi kituoni, asimamishe hema na kuwasha moto kabla ya mgeni kufika. Yeye anakwenda. Jioni wote wawili hulala katika baridi moja. Na atakayerudi kwao na kuandika habari za safari hiyo, kama ilivyokuwa tangu zamani za Bagamoyo, kwa kawaida ni yule aliyetembea.